Babati nayo itenge mtaa mmoja wa waenda kwa miguu

Jirani yangu hapa Bagara ni mfanyabiashara wa nguo. Mara moja au mbili kwa mwaka huungana na wenzake wa Arusha, wanakwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Safari ya mwisho alirudi na nguo za watoto, mabegi ya shule na video moja katika simu yake ambayo nadhani mtaa mzima umeshaiona. Nami nilioneshwa, tena mara tatu.

Ni video ya dakika chache. Ni jioni, katika mtaa wa maduka uitwao Beijing Road, katikati ya jiji hilo. Taa nyingi, watu wengi kama siku ya mnada, wengine wanakula vitu vilivyochomekwa kwenye vijiti, wengine wanapiga picha. Sehemu fulani ya barabara imewekewa vioo, na chini ya vioo yanaonekana matabaka ya barabara za kale yaliyofukuliwa mwaka 2002, ya chini kabisa yakiwa ya enzi za watawala wa Tang, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Jirani yangu mawe hayo hayakumsisimua. Alitaka nimtazame mtoto.

Kuna mtoto wa miaka miwili hivi anakimbia katikati ya barabara. Bibi yake yuko nyuma, hatua kumi au zaidi, anatembea taratibu na mfuko mkononi, wala hamwiti. Mtoto anaanguka, anainuka, anaendelea kukimbia. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayemkimbilia.

"Umemwona, daktari? Katikati ya barabara," aliniambia. "Na bibi hana habari."

Najua kwa nini kipande hicho anakirudia. Mjukuu wake wa miaka saba aligongwa na pikipiki akitoka shule, akavunjika mguu chini ya goti. Wiki nzima ya kwanza alikuwa amefungwa fito kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, akaletwa hospitali vidole vimevimba na kuanza kubadilika rangi. Bahati ilikuwa upande wake. Fito zilifunguliwa kwa wakati, mfupa ukanyooshwa, akafungwa muhogo, na leo anatembea. Wako wengine ninaowajua ambao mguu wao haukuwahi.

Lakini video ile ina jambo la pili, ambalo jirani yangu mwenyewe hakuliona mpaka nilipomuuliza. Yeye ana presha, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikimwambia atembee nusu saa kila siku. Kila nikimwona ananijibu, "Nitaanza, daktari." Nikamuuliza siku ile alitembea kwa muda gani katika mtaa ule. Akafikiri. "Tuliingia jua linazama, tukatoka saa tatu za usiku. Miguu haikuniuma, maana ukichoka kuna benchi, unakaa, unaendelea." Ni saa mbili na zaidi. Hakuambiwa na mtu kwamba anafanya mazoezi.

Nimeandika safu hii wiki nyingi nikiwahimiza wagonjwa wa presha na kisukari watembee. Sasa naona nilikuwa nasema nusu ya neno. Nilisema "tembea" bila kuuliza "utembee wapi".

Chukua mgonjwa wa Bagara anayetaka kwenda sokoni na kurudi kwa miguu. Mji wetu uko kwenye njia panda: barabara kuu inayotoka Arusha inafika Babati na kugawanyika, moja inakwenda Kondoa na Dodoma, nyingine Katesh na Singida. Tangu kipande cha Dodoma hadi Babati kikamilike kwa lami, na kufunguliwa rasmi mwaka 2018, mabasi na malori yanapita hapa usiku na mchana. Sikatai, lami hiyo imetusaidia. Mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Dodoma leo hasumbuki kama zamani. Lakini mtu wa miguu alibaki palepale alipokuwa, ukingoni, na ukingo wenyewe si wake. Pana meza ya nyanya, pana fundi viatu, pana bodaboda wanaosubiri abiria, pana bajaji imeegeshwa na lori linashusha saruji. Mgonjwa anashuka kwenye lami, gari linampigia honi, anapanda tena. Akifika sokoni presha yake imepanda kwa hofu kuliko ilivyoshuka kwa kutembea. Kesho yake anapanda bodaboda kwenda mahali ambapo angefika kwa miguu kwa dakika kumi na tano. Nani atamlaumu?

Kuhusu watoto hali ni nzito zaidi, na hapa nitatoa takwimu kidogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Ukanda wa Afrika una takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini unabeba asilimia 19 ya vifo hivyo. Mzazi anahangaika mtoto apate chanjo zote, anamlaza ndani ya chandarua, anamchemshia maji ya kunywa, na anafanya vema. Kisha mtoto huyohuyo akifika umri wa kwenda shule anaachiwa barabara kuu avuke peke yake.

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu kwenye makazi. Kwa sekunde moja linakuwa limekata karibu mita 14. Dereva anayemwona mtoto ghafla hutumia takriban sekunde hiyo kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijaanza kupunguza mwendo. Gari hilohilo likienda kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo linakata mita zipatazo 8. Mtoto aliyekuwa mita 12 mbele, kwa mwendo wa kwanza amegongwa gari likiwa katika kasi yake yote. Kwa mwendo wa pili dereva amepata nafasi ya kukanyaga breki, na hata akimgonga, anamgonga kwa kasi ndogo. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wanapendekeza kilomita 30 kwa saa mahali watoto na magari wanapochanganyika.

Na mtoto mwenyewe tusimdhanie kuwa mtu mzima mfupi. Mtoto wa miaka saba haoni juu ya gari lililoegeshwa, na dereva hamwoni yeye. Hajui vizuri kupima gari linakuja kwa kasi gani. Akiona mpira umevuka, au mama yake yuko ng'ambo, akili yote inahamia huko. Mara nyingi tunasema "mtoto mtundu" pale ambapo tungesema "mtoto".

Mtaa kama ule wa Guangzhou haukutokea wenyewe. Yalikuwa maamuzi ya watu wa mji. Mtaa maarufu wa Nanjing Road wa Shanghai ulikuwa na magari kama mitaa mingine. Mwaka 1999 kipande chake cha karibu kilomita moja kikafanywa cha waenda kwa miguu, na mwaka 2020 kikaongezwa kuelekea ufukweni mwa mto. Kwa wazee na wasioweza kutembea umbali wote kuna kigari kidogo mfano wa treni kinachopita polepole katikati ya watu. Napenda jambo hilo, kwa sababu ukisema "mtaa wa miguu" mtu wa kwanza kuulizia ni yule ambaye miguu yake haifanyi kazi.

Msomaji atasema China ni China, wana fedha. Basi twende Kigali. Mwaka 2015 walifunga magari katika kipande cha barabara katikati ya jiji lao, na leo mahali hapo pana viti, miti na watoto wanaocheza. Mwaka uliofuata wakaanza siku ya barabara bila magari: Jumapili asubuhi barabara kadhaa hufungwa, watu wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli, na pembeni wahudumu wa afya wanawapima presha na sukari bila malipo. Ilianza mara moja kwa mwezi, ikawa mara mbili. Mtu ambaye hakanyagi kliniki mpaka aanguke anapimwa akiwa amevaa raba na jasho linamtoka. Kama mhudumu wa afya, naona wivu.

Au twende karibu zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro ambamo gari haliingii, tangu kujengwa, na duka, msikiti, nyumba na baraza ya mazungumzo viko pamoja. Lamu ni hivyohivyo, mji wa miguu na punda. Babu zetu wa pwani hawakuhitaji kongamano kujua kwamba mtaa wa kupitisha watu wawili na punda mmoja unatosha kwa biashara. (Pikipiki zimeanza kupenya huko nako, na wakazi wanalalamika. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Dar es Salaam nako kuna somo, na halikuhitaji taa za rangi. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi zilizoko kwenye barabara hatari, likaangalia watoto wanapita wapi hasa, kisha likajenga vitu vidogo: njia ya miguu, matuta, nguzo za kuzuia magari, kivuko. Mahali pengine geti la shule lilihamishwa tu kutoka upande wa barabara yenye magari mengi kwenda upande uliotulia. Utafiti uliofuata ulionesha majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Kuhamisha geti. Hilo nalo linahitaji mfadhili?

Nisije nikaonekana nauza ndoto, yapo ya kuogopa pia. Mahali penye watu wengi mno pana hatari yake. Usiku wa kuamkia mwaka 2015 huko huko Shanghai, kwenye eneo la ufukwe wa mto si mbali na Nanjing Road, watu 36 walikufa kwa kukanyagana. Sisi wenyewe tulizika watu 20 mjini Moshi, Februari 2020, kwa sababu hiyohiyo ya watu wengi kupita mahali pembamba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtaa wa miguu uwe na njia nyingi za kutokea, na mzazi mwenye mtoto mdogo akiona msongamano unamsukuma bila hiari yake, amwinue mtoto kifuani na atoke kwa kukata upande, asishindane na mkondo. Pia vyakula vya mitaani vya Wachina vina mafuta na chumvi kama chipsi zetu. Jirani yangu alikiri alikula vijiti vinne. Hayo tulishayazungumza.

Kuna wanaosema dawa ni kufukuza bodaboda. Guangzhou walifanya hivyo, walipiga marufuku pikipiki katikati ya jiji lao tangu Januari 2007. Mimi siungi mkono kwa Babati. Bodaboda ndiye anayemfikisha mama mwenye uchungu wa uzazi zahanati saa nane za usiku wakati hakuna usafiri mwingine, na wengi wao ni wadogo zetu wanaolisha familia. Nao wanaumia: mifupa mingi inayonyooshwa hospitalini ni yao. Ninachosema ni kwamba pawepo na mahali pamoja mjini, pamoja tu, ambapo pikipiki inaishia mlangoni na abiria anashuka.

Nilimweleza jirani yangu wazo hilo: mtaa mmoja wa maduka kuzunguka soko, usio wa barabara kuu, magari na pikipiki zisiingie kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilidhani atafurahi. Akanikatia palepale.

"Daktari, hapana. Mzigo wangu utashushwa wapi? Na mteja wa Katesh anayekuja na gari lake, atabeba marobota kichwani?"

Ni swali la haki, na ni la wafanyabiashara wote. Wanaopanga mipango ya mji bila kuwauliza wenye maduka wasishangae mpango ukifa. Nikamuuliza, mtaa ule wa Guangzhou mizigo ilishushwa saa ngapi? Akanyamaza kidogo. Akasema wenyeji walimwambia magari ya mizigo huingia watu wakishalala. Nikamuuliza tena: mteja anayepita dukani kwake ndani ya gari na anayepita kwa miguu, ni yupi husimama kuangalia magauni ya mtoto? Akacheka. Hakusema ndiyo. Alisema, "Wafunge kwanza Jumamosi moja, tuone mauzo." Nikasema hayo ndiyo maneno ya mtu wa biashara, na ni bora kuliko maneno yangu.

Jumamosi moja inawezekana. Barabara kuu iko chini ya TANROADS na hiyo hatuigusi. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, na soko na leseni viko chini ya Halmashauri ya Mji wa Babati. Kwa hiyo maombi yanayoanza kwenye mkutano wa mtaa, yakapita kwa diwani na kamati ya maendeleo ya kata, yana mlango wa kuingilia. Mizigo ishushwe alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili jioni mtaa uwe wa miguu, baiskeli za kusukumwa, matoroli na viti vya magurudumu. Gari la wagonjwa na la zimamoto lisizuiwe, maana yake vizuizi viwe vya kuondoka, si zege. Mabenchi yawekwe, hata ya mbao. Choo kiwepo, kwa sababu mgonjwa wa kisukari na mama mjamzito hawatatembea mahali pasipo na choo. Na wahudumu wa afya waweke meza mbili na mashine ya presha. Hiyo ya mwisho naijua mimi: mashine tunazo, na sisi tutakuja.

Sambamba na hilo, na pengine kabla yake, shule zilizo karibu na barabara kuu zipate matuta na vivuko vilivyochorwa upya. Rangi ya kivuko ikifutika, dereva anadhani haki ya mtoto nayo imefutika.

Wakati tukisubiri, mtoto anakwenda shule kesho. Kwa hiyo mzazi wa Bagara nikushauri haya ninayowashauri wanaokuja kliniki. Tembea na mtoto wako njia yake ya shule angalau mara mbili, asubuhi na mchana, ukiinama mpaka kimo chake uone anachokiona. Kama ipo njia ya nyuma ya nyumba, ndefu lakini isiyo na magari, mzoeshe hiyo. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi asivuke barabara kuu bila mkubwa, awe kaka, dada au jirani. Mfundishe kusimama kabisa ukingoni, aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, na asivuke akitokea nyuma ya basi lililosimama. Usimwite mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Narudia hili kwa sababu nimeliona: mama anaita, mtoto anaitika kwa miguu. Usimtume dukani kuvuka lami giza likiingia. Na kama anapelekwa kwa bodaboda, iwe mtoto mmoja, na helmeti ya kimo chake. Mshikaki wa watoto watatu kwenye pikipiki moja ni nauli nafuu mpaka siku ile.

Ajali ikitokea, hakikisha kwanza magari yamesimamishwa, usije ukagongwa na wewe. Usimnyanyue mtoto kwa kumvuta mkono au mguu. Kama alipigwa kichwani, au analalamika shingo na mgongo, aachwe alivyolala mpaka wapatikane watu wa kumbeba akiwa amenyooka kwenye ubao au kitu kigumu, shingo isigeuzwe. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara kuchungulia. Mfupa unaoonekana kuvunjika usinyooshwe, uegemezwe tu usicheze. Usimpe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Apelekwe hospitali, na ndugu mwingine afuatilie fomu ya PF3 polisi wakati mtoto anahudumiwa. Msikae wote mnasubiri karatasi.

Mtoto aliyegonga kichwa akaonekana mzima aangaliwe kwa siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akilala kiasi cha kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, akitokwa na damu au maji puani au masikioni, akizungumza yasiyoeleweka, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na mwenye kufungwa fito au muhogo, vidole vikivimba, vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, hilo halisubiri asubuhi. Wazee wanaounga mifupa nawaheshimu kwa mengi, lakini kiungo kilichofungwa kikakosa damu kwa saa chache kinaweza kuoza, na hakuna dawa ya mizizi inayokirudisha.

Kwa wagonjwa wangu wa presha na kisukari: msingoje benchi za Halmashauri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Hujazoea? Anza na dakika kumi baada ya mlo wa jioni. Kwa mwenye kisukari, hizo kumi baada ya kula zina kazi kubwa. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Unapotembea kando ya barabara, kaa upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja kukukabili, na vaa nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo asubuhi zetu zina baridi na ukungu. Wanaokaa Bagara Ziwani msiende kutembea kando ya Ziwa Babati alfajiri wala magharibi. Viboko hutoka majini saa hizo kula majani, na kiboko hana habari na sukari yako. Uwanja wa shule jioni, kwa ruhusa ya mwalimu, ni bora.

Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi aangalie nyayo zake, au aangaliwe na mjukuu mwenye macho mazuri. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe pipi mfukoni kwa ajili ya kutetemeka na jasho la ghafla. Presha ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi, njoo kliniki kwanza. Na ukisikia kifua kinabana au pumzi inakata, kaa chini, ita mtu, usijikaze ili umalize nusu saa.

Jirani yangu ameanza. Si kwa ajili yangu. Mjukuu wake alipofunguliwa muhogo alikuwa anaogopa barabara, akisikia pikipiki anashika kanga ya bibi kwa mikono miwili. Wakatafuta njia nyingine ya shule, inapita nyuma ya nyumba, kando ya mashamba ya mahindi, inatokea upande wa pili wa uwanja. Ni ndefu kwa dakika nane, amezipima kwa simu. Asubuhi anampeleka, mchana anamfuata, anarudi kufungua duka amechelewa kidogo na viatu vina vumbi. Wiki iliyopita nilimpima presha akiwa amesimama kwenye kaunta yake kati ya mabegi ya shule ya Guangzhou. Imeshuka kidogo, bado dawa anaendelea nazo. Aliniuliza kama nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa kuhusu ile Jumamosi. Nikamwambia nitakwenda Alhamisi. Akasema twende wote, kwa sababu mimi sijui kuongea na wafanyabiashara.